Kambi ya nyumbani, ekideni ya Japani au chuo cha Marekani: mkimbiaji chipukizi achague njia gani?

Kijana wa miaka 17 au 18 amemaliza mbio za nyika za shule, amewashinda wa kaunti nzima au mkoa mzima, na simu zinaanza kuingia nyumbani. Wa kwanza ni wakala: kuna kampuni Japani inatafuta mkimbiaji. Wa pili ni kocha wa chuo cha Marekani, anauliza matokeo ya kidato cha nne. Wa tatu ni mwanariadha mkongwe wa jirani anayesema, mwacheni aje kambini kwetu. Wote watatu wana hoja. Wasichokigusa ni kama kijana huyu atafika kwenye jezi ya taifa, na akifika, kama miguu itakuwa bado mizima.

Wazazi wengi huamua kwa kuangalia pesa ya mwaka wa kwanza, na makocha wengi kwa kuangalia kasi ya kijana. Vyote viwili vina nafasi yake. Ila riadha ya masafa, hata ikionekana ni mtu mmoja na barabara, huendeshwa na timu: kampuni, chuo, kambi au jeshi. Kila timu inadai kitu, na kila moja ina siku zake za kukuachilia ukaitumikie nchi. Hapo ndipo njia hizi tatu zinapotofautiana zaidi.

Japani: kitambaa begani, jina la kampuni kifuani

Ekideni ni mbio za kupokezana za barabarani. Badala ya kijiti hupokezana kitambaa kiitwacho tasuki, kinachopita begani hadi ubavuni. Ile ya Mwaka Mpya, ya timu za makampuni, hukimbiwa kila tarehe 1 Januari mkoani Gunma: kilomita 100, watu saba. Hakone, ya vyuo vikuu, huchukua siku mbili, tarehe 2 na 3 Januari, watu kumi, kilomita 217 hivi kwenda na kurudi, na ni kati ya michezo inayotazamwa zaidi kwenye televisheni za huko.

Angalia kituo cha kupokezania uelewe utakachodaiwa. Anayemaliza kipande chake huvua kitambaa kabla hajafika, hukizungushia mkononi kisimpepee usoni, kisha hukinyoosha kwa mikono miwili mbele ya mwenzake ambaye tayari ameanza kuondoka. Kitambaa kimelowa jasho la wote waliotangulia. Timu ikiachwa na inayoongoza kwa muda uliowekwa, ambao Hakone ni kati ya dakika 10 na 20 kutegemea kituo, msimamizi humwanzisha mbio anayesubiri akiwa na kitambaa cha akiba. Yule anayekuja nyuma hufika na cha timu mkononi, hana wa kumpa. Na mmoja akishindwa kumaliza kipande chake, timu nzima haina matokeo.

Ndiyo maana Mkenya mwenye maumivu ya mfupa wa mguu chini ya goti mwezi Desemba hukaa kimya. Anajua watu sita wamejiandaa mwaka mzima na yeye ndiye aliyeajiriwa kuleta nafasi. Anakimbia. Kinachoanza kama uchungu unaopoa mwili ukipata moto kinaishia kuwa ufa kwenye mfupa, na ufa huo hula wiki sita hadi nane za mapumziko, wakati mwingine zaidi. Wanaotoka barabara za udongo mwekundu za Rift Valley au Mbulu wakiingia ghafla kwenye lami kila siku ndio wanaoumia mapema. Dawa yake ni kumwomba kocha, tangu wiki ya kwanza, mbio nyepesi za asubuhi zifanywe bustanini au uwanjani, na kuongeza kilomita za lami polepole ndani ya miezi miwili.

Faida yake ni kubwa na haina maneno mengi. Mkimbiaji wa kampuni ni mwajiriwa: mshahara wa kila mwezi, bweni, chakula, mkandaji misuli, daktari. Anayetumia mshahara huo kusomesha wadogo zake na kununua shamba hana haja ya kukimbia marathoni sita kwa mwaka akitafuta ada ya shule. Kuna faida nyingine ambayo mawakala huisahau. Kufuzu kwa mita 10,000 za wanaume kwa Olimpiki ya Paris 2024 kulitaka dakika 27:00.00. Muda huo hauwezekani Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ilivyo nyepesi. Kenya yenyewe ilipeleka majaribio yake ya 10,000 Eugene, Marekani, Mei 2024. Mkimbiaji aliyeko Japani hupata mbio za kusaka muda kila vuli, kama zile za Hachioji mwezi Novemba: jioni ya baridi, uwanja karibu na usawa wa bahari, wawekaji kasi wa kuaminika na Wakenya wenzake kumi na zaidi kundini.

Historia ya njia hii ni nzito. Douglas Wakiihuri alilelewa kiriadha Japani akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987 kule Rome. Eric Wainaina alileta shaba ya Atlanta 1996 na fedha ya Sydney 2000. Samuel Wanjiru alikwenda sekondari ya Sendai akiwa na miaka 15, kisha akaingia timu ya Toyota Kyushu, na mwaka 2008 kule Beijing, kwenye joto kali, akawa Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32. Aliwachosha wenzake kwa kasi ambayo wakati huo hakuna aliyethubutu kuianza kwenye joto lile.

Ila nafasi zimebanwa. Kwenye ekideni ya Mwaka Mpya, mgeni anaruhusiwa kipande kimoja tu, tena kifupi, chini ya kilomita 10. Upande wa sekondari, wageni wamesukumwa hadi kwenye vipande vya kilomita 3. Maana yake timu inahitaji mgeni mmoja anayeng'ara. Wa pili ni wa akiba, na mkataba wa wa akiba ndio wa kwanza kukatwa mwaka wa kazi unapoisha Machi. Kabla hujasaini uliza: timu ina wageni wangapi, na mwaka jana nani alikimbia?

Marekani: alama, vitabu na misimu mitatu

Chuo cha Marekani kinakupa kitu ambacho njia nyingine mbili hazikupi: shahada. Goti likikataa ukiwa na miaka 22, una cheti mkononi. Kwa mtoto aliyefaulu vizuri, hoja hiyo peke yake huweza kutosha.

Timu ya huko ni tofauti kabisa na ekideni. Kwenye mbio za nyika za NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo vya Marekani, hukimbia watu saba, watano ndio wanaohesabiwa, kila mmoja kwa nafasi aliyomaliza, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Chukua chuo chenye mshindi wa kwanza, kisha wenzake wakashika nafasi ya 40, 52, 61 na 78: jumla 232. Chuo kingine hakina hata mmoja kwenye kumi bora, lakini watu wake watano wamemaliza wa 15, 18, 22, 27 na 33: jumla 115. Cha pili ndicho bingwa. Kocha anayekupigia simu anataka mtu wa mbele, lakini kazi yake yote ya wiki ni kumvuta mtu wa tano. Utaombwa ukimbie mazoezi polepole ili kundi lisikatike. Wapo waliodharau hilo wakajitenga na kukimbia peke yao mbele; msimu uliofuata ufadhili haukuongezwa.

Anayezoea hesabu hiyo ananufaika akiitwa nyumbani, kwa sababu mbio za nyika za dunia nazo ni za timu: wanakimbia sita, wanahesabiwa wanne. Mataji 18 mfululizo ya wanaume wa Kenya, 1986 hadi 2003, hayakuletwa na John Ngugi na Paul Tergat peke yao. Yaliletwa na yule wa mwisho kuhesabiwa aliyekataa kupitwa na Mwethiopia mita 200 za mwisho.

Mambo yanayokwamisha yanajulikana. La kwanza ni karatasi. NCAA huangalia masomo ya sekondari somo kwa somo, mtihani wa Kiingereza, na muda uliopita tangu umalize shule. Anayekaa nyumbani miaka miwili akikimbia mashindano huku akisubiri anaweza kujikuta amepoteza misimu ya kushindana kabla hajapanda ndege. Pesa ya zawadi nayo ni mtego: ukipokea zaidi ya gharama zako halisi za kushiriki, unaweza kuhesabika mwanariadha wa kulipwa. Kijana anayefikiria njia hii asichukue bahasha ya mbio za barabarani za mji wa jirani kabla hajauliza, na atunze risiti za nauli. Kanuni hizi hubadilika mara kwa mara, hivyo muulize mhusika wa kanuni wa chuo chenyewe na umwombe ajibu kwa maandishi.

La pili ni nafasi. Tangu mwaka 2025, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wanamichezo vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika na wanariadha 45 wa uwanjani kwa kila jinsia. Makocha sasa wanawinda mtu aliye tayari, kwa hiyo anayehitaji miaka miwili ya kukomaa aangalie kwanza vyuo vya miaka miwili au vya chama kidogo cha NAIA, kisha ahame.

La tatu ni uchovu. Nyika ni Septemba hadi Novemba, ndani ya ukumbi Desemba hadi Machi, uwanjani Machi hadi Juni, na kocha anahitaji alama misimu yote mitatu. Wenye kudumu ni wale waliokubaliana na kocha mapema kuwa msimu mmoja wa mwaka watafanya mazoezi bila kushindana.

Suleiman Nyambui alisoma El Paso, Texas, akailetea Tanzania fedha ya mita 5,000 kule Moscow 1980. Hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mashindano hayo hayo, ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania inazo hadi leo. Sharon Lokedi alitoka chuo cha Kansas, akashinda marathoni za New York 2022 na Boston 2025. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Hakukimbia Olimpiki hata moja: Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Hilo halikuwa kosa lake, na linauma mpaka leo kulitaja. Edward Cheserek naye alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon, na hadi Paris 2024 alikuwa hajavaa jezi ya Kenya kwenye Olimpiki. Kung'ara chuoni hakumaanishi umefika timu ya taifa.

Kambi ya nyumbani, na sare ya jeshi

Kambi nzuri ni ile yenye ratiba isiyobadilishwa na mtu mmoja kununa. Kaptagat, Kenya, chini ya kocha Patrick Sang, wakimbiaji hulala kambini siku za wiki, hupokezana zamu za kufagia na kusafisha vyoo, bingwa na mgeni sawa. Jumanne ni uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi fartleki, yaani mbio za kupandisha na kushusha kasi. Kwenye ile ya Alhamisi kundi huondoka pamoja alfajiri, na kilomita 20 za kwanza hakuna anayeongoza kwa sifa. Aliye na kasi nyingi siku hiyo hujibana nyuma ya wenzake. Vijana wengi huharibikiwa hapo hapo. Kila Alhamisi wanaigeuza mashindano, wanawashinda wakubwa mazoezini mwezi wa Februari, na Aprili miguu imekauka.

Timu ya aina hii ndiyo iliyomwokoa Eliud Kipchoge. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, akakosa nafasi kwenye timu ya London 2012, akahamia marathoni mwaka uliofuata, akashinda Olimpiki ya 2016 na ile ya Tokyo. Angekuwa chini ya mkataba wa mwaka mmoja unaohesabu nafasi, ni nani angemsubiri?

Ubaya wa kambi ni kwamba hakuna mshahara. Mpaka upate mbio za nje, unaishi kwa hisani ya mkubwa wako au ya familia. Mlango wa kawaida wa kwanza ni kazi ya kuweka kasi: unaandikiwa kilomita 25 au 30 kwa mwendo maalumu, na ukiharakisha sekunde tatu kwa kilomita unaharibu mbio za wengine na jina lako. Meneja kwa desturi huchukua asilimia 15. Zawadi ya Marekani hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 30 kwa mgeni, na pesa za marathoni kubwa huchelewa mpaka majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku yatoke. Panga kuishi miezi kadhaa bila hizo.

Ndiyo maana sare ya jeshi, polisi au magereza inabaki chaguo la busara, hasa Tanzania na Uganda. Stephen Kiprotich alikuwa askari magereza alipoipa Uganda dhahabu ya marathoni ya London 2012. Joshua Cheptegei ni wa polisi. Alphonce Simbu ni askari wa JWTZ, na safari yake inafaa kusomwa taratibu: wa 5 Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, wa 7 Olimpiki ya Tokyo, wa 17 Paris, kisha Septemba 2025 jijini Tokyo akamshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, wote wakiandikiwa 2:09:48. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, na alikuwa na miaka 33. Mshahara usiotegemea mbio ya jana humpa mtu subira ya miaka tisa. Gharama yake ni miezi ya mafunzo ya awali, ambayo hushusha kiwango, na wajibu wa kukimbilia kikosi hata siku usiyotaka.

Kinachokunyima jezi ya taifa bila wewe kujua

Kila nchi ina nafasi tatu kwa tukio moja kwenye Olimpiki. Kenya, kinachokuzuia ni wenzako. Tanzania, Burundi na Rwanda, ni saa. Mtanzania aliyekimbia chini ya muda wa kufuzu karibu hana wa kumtoa, kwa hiyo njia inayompa mbio za kasi karibu na usawa wa bahari, Japani au Marekani, ina uzito kwake kuliko kwa Mkenya. Mkenya anahitaji zaidi kuwa nyumbani, mzima, siku ya majaribio. Majaribio ya Kenya mara nyingi huwa Juni, mwezi ule ule wa fainali za NCAA.

Kuna jambo la vipimo, na hili ndilo linalowapiga wanafunzi. Shirikisho la Riadha Duniani limeiweka Kenya kwenye kundi la nchi zenye hatari kubwa ya dawa zilizopigwa marufuku. Mwanariadha wa kundi hilo lazima awe amepimwa angalau mara tatu bila taarifa, nje ya mashindano, ndani ya miezi 10 kabla ya Olimpiki au Mashindano ya Dunia. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Wanigeria 10 walizuiwa kwa sababu hiyo, wengi wao wakiwa vyuoni Marekani. Aliyeko nje aiandikie mapema taasisi ya nchi yake ya kupambana na dawa hizo, aombe kuingizwa kwenye orodha ya wanaopimwa, na ahesabu tarehe zake mwenyewe. Ukishaingizwa, kila siku kwa dakika 60 ulizozitaja ni lazima upatikane mahali ulipopataja. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa chini ya kanuni za dawa, hata kama hujakutwa nazo.

Watakuja pia wenye ahadi ya uraia. Stephen Cherono akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar mwaka 2003, akashinda ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mwezi huo huo, kisha akaikosa Athens 2004 kwa sababu Kenya haikumwondolea muda wa kusubiri. Kanuni za sasa ni kali zaidi: miaka mitatu ya kusubiri, umri usiopungua 20, na kuhama mara moja tu. Kijana wa miaka 18 asiweke sahihi jambo ambalo halina marejeo.

Nani aende wapi

Mwenye matokeo mazuri ya kidato cha nne na aliyemaliza shule chini ya mwaka mmoja uliopita aende Marekani, na asikae nyumbani kujaribu bahati kwanza. Mwenye kasi ya mita 5,000 na 10,000, asiyependa vitabu, anayetoka nyumba inayohitaji mshahara mwezi ujao, na ambaye hukubali kuamriwa bila kununa, Japani itamjenga. Msichana mdogo wa miaka 15 au 16 asipelekwe sekondari ya ng'ambo kwa neno la wakala peke yake. Mzazi aongee na mwalimu wa huko kwa simu ya video, pia na msichana mwingine aliyewahi kupita shule hiyo.

Aliyevuka miaka 21 na tayari anamaliza na kundi la mbele kwenye mwinuko abaki kambini, na akipata nafasi ya jeshi aichukue.

Popote atakapokwenda, mkataba uwe na kifungu kinachosema ataachiliwa kwa majaribio na mashindano ya taifa, nani atalipa nauli, na siku ngapi kabla. Kiandikwe kwa lugha anayoisoma. Pasipoti abaki nayo mwenyewe. Wakala akisema kifungu hicho hakihitajiki kwa kuwa timu huwa inaelewa, mwombe akiandike hivyo hivyo, kwamba timu huwa inaelewa, na aweke sahihi yake chini. Akikataa, subirini simu nyingine.